Nimebadilisha egzosi ya Ninja 250, sasa inabanwa juu na inapiga mabomu. Niongeze jeti?

Njiro_kwa_Chini

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaharibu zaidi, maana mfuko umeshaanza kulia.

Nina Ninja 250R ya 2009, ile ya kabureta mbili, si ya injeksheni. Nipo Arusha. Wiki tatu zilizopita nilipata mtungi wa egzosi wa kuchomeka nyuma, mfupi, umegongwa nembo ya kampuni kubwa ya Italia ambayo nina hakika haijawahi kuuona. Laki na themanini. Mabomba ya mbele yamebaki ya kiwandani, na chujio la hewa ni la kiwandani pia, jipya.

Siku ya kwanza raha tupu, sauti mpaka mwili unasisimka. Siku ya pili nikaanza kusoma mitandaoni. Wanasema ukifungua egzosi injini inapumua zaidi, hewa inakuwa nyingi mafuta kidogo, pistoni zinaungua. Nikaingia hofu. Nikaagiza jeti (vile vijitundu vya kupitishia mafuta kwenye kabureta) kubwa za 105, zilizokuwemo ni 98, nikaweka na washa mbili, vile vijiduara vya chuma, chini ya kila sindano ya kabureta ili ikae juu zaidi, kama mapishi ya mitandaoni yanavyosema.

Sasa asubuhi inawaka bila choki. Na hii ni Julai, Arusha, watu tunatembea na makoti. Mwanzoni nilifurahi kweli, nikadhani nimepatia. Lakini kuanzia resi 9,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) inabanwa, kama kuna mtu amekaa nyuma kanishika mkanda. Zamani ilikuwa inapanda mpaka karibu na mstari mwekundu bila kinyongo. Lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita 25, sasa 18. Halafu nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga mabomu. Juzi nimepita karibu na msiba, watu wote wakageuka. Nimeona aibu mpaka leo napita njia nyingine.

Fundi wa mtaani kasema mabomu ni dalili ya hewa nyingi, niweke 110. Ninazo hapa mezani. Niziweke?

Natanguliza shukrani.

mtaalam_wa_bure

Rudisha egzosi ya zamani, ulale.

Njiro_kwa_Chini

Nimeshaiuza mkuu. Ndiyo iliyonunua jeti.

Kigamboni_105

Mkuu mimi ninayo kama hiyo, ya 2011. Egzosi ya kuchomeka, 105, washa mbili, skrubu ya sailensi (ya kurekebisha mafuta injini ikiwa imetulia) nimeifungua mizunguko miwili na nusu. Inaenda kama mshale, mwaka wa tatu huu. Mapishi hayana shida, shida ni mpishi. Utakuwa umeubana ule mpira mwembamba wa juu ya kabureta wakati unarudisha mfuniko. Ukiubana ukingo kidogo tu, pistoni ya kabureta hainyanyuki yote, na juu lazima ibanwe.

Kiboriloni_Spana

Mdogo wangu, hizo 110 ziweke kabatini, funga na ufunguo.

Kabla ya yote, toa plagi zote mbili uziangalie juani. Kama moja ni nyeusi na nyingine ina rangi ya kahawa ya maziwa, mwenzetu wa Kigamboni yuko sahihi, kabureta moja ina ugonjwa wake. Kama zote nyeusi, ugonjwa umeuleta wewe.

Njiro_kwa_Chini

Shikamoo mzee. Zote nyeusi. Masizi makavu, yanafutika kwa kidole kama ya sufuria ya kuni.

Kiboriloni_Spana

Marahaba. Mimi si mzee, ni mama wa watoto watatu, lakini marahaba.

Basi pikipiki yako haina njaa, imevimbiwa. Kuwaka bila choki kwenye baridi ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, wewe ukaishangilia. Choki kazi yake ni kuongeza mafuta injini ikiwa baridi. Injini isiyoitaka choki Julai, Arusha, ina choki ya kudumu ndani.

Chukua kalamu. Namba ya hizo jeti za Keihin, watengenezaji wa kabureta zako, ni upana wa tundu kwa mia za milimita, yaani 98 ni 0.98 na 105 ni 1.05. Ukiangalia unaona umeongeza 7 tu. Lakini kinachopitisha mafuta ni eneo la tundu, na eneo linakua kwa mraba. Gawa 105 kwa 98, jibu lizidishe kwa lenyewe: 1.148. Umeongeza karibu asilimia 15 ya mafuta kule juu. Kubadilisha mtungi wa nyuma peke yake, chujio likiwa lilelile la kiwandani, hakuongezi hewa kiasi hicho. Thubutu.

Halafu kuna jambo ambalo Kigamboni hana haja ya kulijua, kwa sababu yeye anaiona bahari akifungua dirisha. Wewe uko mita kama 1,400 juu. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 12 au 13. Hewa ikipungua na mafuta yanayofyonzwa yanapungua, ila yanapungua kwa nusu ya hapo hivi. Maana yake pikipiki iliyotoka pwani ikifika Arusha imeshaongezewa mafuta kwa asilimia 6 au 7 bila mtu kugusa spana. Jumlisha na zile 15 zako. Wali wa watu wanne umeumiminia maji ya watu watano.

Mapishi ya 105 si ya uongo. Kiwandani huziacha hizi pikipiki na mafuta kidogo ili zipite vipimo vya moshi, na mtu wa usawa wa bahari akiziongeza anaona tofauti. Kwako wewe mlima umeshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na haujakudai hata senti.

Mabomu ni kesi nyingine, usiichanganye na hii. Ukiachia mafuta, kuna mchanganyiko unaopita bila kuungua mpaka kwenye bomba la moto. Ukikutana na hewa mpya humo, unalipuka. Swali ni hewa inaingilia wapi. Kawasaki wenyewe wameweka mfumo unaopeleka hewa safi kwenye tundu la moshi ili masalia yamalizikie kuungua, na una vali inayotakiwa kufunga pale unapoachia mafuta. Kimpira chake cha vakyumu kikipasuka, haifungi. Angalia hapo. Lakini mimi nashuku zaidi kiungo, pale mtungi wako wa Italia ya Kariakoo unapoingia kwenye bomba la mbele. Uliweka gasketi?

Njiro_kwa_Chini

Shikamoo tena mama, samahani.

Gasketi… fundi alipaka silikoni. Ile nyekundu.

Kiboriloni_Spana

Nilijua.

Asubuhi injini ikiwa baridi, paka kiungo maji ya sabuni, washa, mwambie mtu azibe nusu ya mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene. Povu likichemka, hewa inaingilia hapo. Fanya upesi, bomba likipata moto maji yanakauka na huoni kitu. Ukiona povu, tafuta gasketi halisi ya kiungo, ile ya duara ya grafaiti, na klempu inayobana sawasawa.

Kwenye kabureta rudi nyuma yote. Jeti 98, sindano bila washa. Skrubu ya sailensi iingize taratibu mpaka ikae, usiikaze maana ncha yake ni laini, kisha irudishe mizunguko miwili na nusu, kabureta zote mbili sawa. Tembea siku mbili. Ukiona inasita katikati, ongeza washa moja kila sindano, basi. Sindano ndiyo inayotawala kuanzia robo ya mkono wa mafuta mpaka robo tatu, na mtu wa mjini anaishi humohumo. Jeti kubwa unaiita pale tu unapokaza mkono wote.

Badilisha kitu kimoja, tembea, ndiyo uguse kingine. Wewe uligusa viwili kwa pamoja, jeti na washa, egzosi ikiwa ya tatu. Hata ingekuwa nzuri usingejua kimekufaa kipi.

Na bisibisi. Skrubu za bakuli la kabureta ni za Kijapani, msalaba wake haulingani na bisibisi yetu ya nyota ya dukani. Inaingia, inaonekana imekaa, ukizungusha inakula kichwa. Nimeshatoboa nyingi kwa dreli, za watu wenye haraka.

Ukitaka kupima juu, weka plagi mpya CR8E, kwa sababu nyeusi ikishakuwa nyeusi haikwambii kitu tena, na petroli ya siku hizi isiyo na risasi haipaki rangi upesi. Gia ya tatu, kaza mkono wote kutoka 6,000 mpaka 11,000, kata kwa swichi ya kuzimia, bana klachi papo hapo, jiache usimame pembeni. Angalia chini kabisa ya kaure, ule udongo mweupe wa plagi, sio ncha. Usifanyie barabara ya Moshi, trafiki watakuuliza maswali ambayo mimi siwezi kukujibia. Toka mapema upande wa Kisongo.

Kigamboni_105

Dada, nakubali. Sikufikiria habari ya mwinuko kabisa. Kwa hiyo nikipanda kwa shemeji Arusha na 105 zangu nitabanwa kama huyu?

Kiboriloni_Spana

Utabanwa kidogo, utanuka petroli, utafika. Kabureta zako zinajirekebisha kiasi kwa sababu pistoni yake inanyanyuliwa na vakyumu, ila mkono ukiwa umekazwa wote haziwezi kukuficha. Kwa safari ya wikiendi usiguse kitu.

Njiro_kwa_Chini

Na mimi nikishuka? Desemba nina harusi Tanga.

Kiboriloni_Spana

98 ndizo ilizozaliwa nazo, na haikuzaliwa mlimani. Itakuwa na kiu kidogo kama ilivyotoka kiwandani. Haitakufa. Kula pilau ya watu, urudi.

Njiro_kwa_Chini

Wakuu, mrejesho, siku ya nane.

Povu lilichemka kama uji. Nilikuwa nimemshikisha mdogo wangu kitambaa, akapiga kelele kabla sijaona mwenyewe. Silikoni ilikuwa imeungua, imebaki unga mwekundu ndani ya kiungo, na upande wa chini kulikuwa na mstari mweusi wa moshi ambao nimeupita kila siku nikidhani ni uchafu wa barabara. Nimepata gasketi ya grafaiti, klempu mpya. Ile vali ya hewa safi nilipuliza kwa mdomo kwenye kimpira chake, kizima.

Nikaendesha hivyo kwanza, na 105 zikiwa ndani, kwa sababu mama kasema kimoja kimoja. Mabomu yakaisha siku hiyohiyo. Kimebaki kikohozi kidogo nikishuka na gia ya pili, kama mzee anayesafisha koo. Kubanwa kukabaki palepale.

Jumamosi nikarudisha 98 bila washa. Juu ikafunguka. Mshale umefika 12,000 kwenye gia ya tatu na mimi ndiye niliyeogopa, si yenyewe. Ila kati ya 4,000 na 6,000 ilikuwa inasita, hasa nikitoka kwenye tuta. Jumatatu nikaongeza washa moja kila sindano, ikanyooka. Choki inaitaka tena asubuhi, dakika moja hivi. Lita imerudi 24.

Plagi nilizopimia zina duara la kahawia chini ya kaure, zote mbili sawa. Zile nyeusi nimeziweka kwenye kikombe cha kalamu ofisini, watu wananiuliza.

Mama Kiboriloni, nikipita Moshi nakuja na soda.

Kiboriloni_Spana

Njoo na bisibisi ya Kijapani, soda ninazo.

Kigamboni_105

Njiro, hizo 105 unaziuza? Yangu moja nimeila mdomo wiki hii nikisafisha. Bisibisi ya dukani.

Njiro_kwa_Chini

Chukua tu mkuu. Kesho nakuwekea kwenye basi la asubuhi, njoo inbox tupange. Na zile 110 nakutupia humo humo, mwenye duka amekataa kuzirudisha. Usiziweke.