Mbolea ya mfuko ina ruzuku, miti ndani ya mahindi je?

Shamba Wikiendi
Wakuu habari za jioni. Nakaa Mbagala ila nina ekari 3 Mkuranga. Misimu minne nyuma nilichomeka vijiti vya glirisidia, mti unaorutubisha udongo, katikati ya mahindi, sasa hivi kabla ya kupanda nakata matawi nayafukia majani, yaani ukichimba pale udongo mweusi na nyungunyungu wamo, hatua 20 kwa jirani mchanga mweupe mtupu. Nikaenda kwa bwana shamba kuuliza msaada wa miche niongeze, akaniambia chagua moja, kama ni miti nenda kwa watu wa misitu. Nimeenda wa misitu, wakasema hilo shamba la mahindi, rudi kilimo. Sasa mtu anayechanganya ni wa nani? Mbolea ya mfuko ina ruzuku toka msimu wa 2022/2023, na mti unaoleta naitrojeni, rutuba ileile ya kwenye mfuko, palepale shambani mbona hauna mwenyewe?

Mama Kunde
Pole kaka. Mimi nina mikorosho, mita 12 kwa 12, na katikati napiga kunde na mihogo mpaka matawi yatakapokutana, huo nao ni kilimo mseto, yaani miti na mazao pamoja, japo hatuuiti hivyo. Ila miche sio tatizo kubwa, tatizo ni kuvuna. Nilipanda miti ya mbao mpakani kwa mkono wangu, nikataka kukata nilipe ada ya mtoto, naambiwa kibali cha kuvuna, ukipata hicho kuna kingine cha kusafirisha, nauli ya kwenda na kurudi ofisini ikanimaliza, mwisho nikamuuzia dalali ikiwa imesimama kwa bei ya kutupa. Majirani waliona. Toka siku ile mche ukijiotea shambani kwao wanang'oa ungali kidole.

Ngitili
Mama Kunde umegusa penyewe. Mimi kwetu Shinyanga, miti ilifyekwa kuondoa mbung'o na kupanua pamba, halafu miaka ya 70 watu wakahamishiwa vijijini, ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu, zikaachwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 ulihangaika na vitalu vya miche, lakini kilichorudisha kijani zaidi ni ngitili zenyewe, unafunga eneo lako mvua ikianza, kiangazi ng'ombe wanakula, visiki vinachipua vyenyewe bila kununua mche hata mmoja, na mwenye eneo anajua ni lake. Nchi ya Niger hivyohivyo, wakulima walipoacha kuogopa kwamba mti ni wa serikali wakaanza kutunza machipukizi, leo ni mamilioni ya hekta. India walitoa sera ya taifa ya kilimo mseto mwaka 2014, na moja ya mambo waliyoyalenga ni kulegeza vibali vya miti ya shambani. Hapo ndipo sisi tungeanzia, hela za ruzuku zifuate.

Shamba Wikiendi
Asanteni sana. Mama Kunde, ulikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ulipanda mwenyewe?

Mama Kunde
Sikuwa nayo kaka, ndio kosa nililofanya. Wewe nenda kwa mtendaji wa kijiji mapema, andika idadi, aina na mwaka uliopanda, akugongee muhuri ubaki na nakala. Usisubiri siku ya shoka.

Shamba Wikiendi
Jumamosi nabeba daftari nikahesabu mstari kwa mstari. Mwenye mfano wa barua ya namna hiyo aweke hapa tafadhali.