Mafundi wa propela mmenimaliza: senta beringi moja nimebadilisha mara tatu ndani ya wiki sita!

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa nimevimba, kwa hiyo mtanivumilia.

Nina Fuso moja. Sina kampuni wala yadi, nina gari moja niliyoidunduliza miaka saba. Inatoa viazi Njombe inaleta Dar, ikirudi inabeba chochote, simenti, sabuni, ndoo za plastiki. Gari ikilala na nyumbani kwangu kunalala.

Mwezi juzi dereva ananipigia kutoka Mikumi. "Bosi, ukiondoka na gia ya kwanza gari inatetemeka hadi kiti kinacheza. Ikishachanganya inatulia, ila kuna mlio unavuma chini." Mimi nimeshika usukani miaka mingi kabla ya mgongo kunigomea, nikajua hapo hapo: senta beringi imekwisha.

Kwa wasiojua malori: propela ni ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma. Gari ndefu haiwezi kuwekewa propela ya bomba moja kutoka giaboksi mpaka difu, ikizunguka kwa kasi itayumba. Kwa hiyo zinawekwa mbili, na pale katikati kuna beringi iliyovikwa raba nene, raba imo ndani ya chuma, chuma kimefungwa kwenye chesisi. Raba ikichanika au beringi ikilika, propela inaanza kucheza kama kamba ya watoto. Ukiipuuza, siku moja itadondoka huku inazunguka, na humo pembeni ndimo yanamopita mabomba ya upepo wa breki. Sasa jiweke Kitonga, unashuka na tani kumi mgongoni, injini imeshaachana na matairi haikuzuilii tena, halafu upepo nao unatoka. Ndiyo maana dereva akisema propela inalia mimi sibishani naye.

Gari ikaja Dar mdogo mdogo. Nikaipeleka gereji moja maarufu, siitaji, ina bango kubwa na vijana wana ovaroli za rangi moja. Hizo ovaroli ndizo zilizoniponza.

Kijana kaingia chini na spana, kaanza kufungua bolti za kwenye difu. Namuuliza, umeweka vigingi? Ananijibu, "Handibreki nimevuta mzee, usihofu." Wakuu, handibreki ya gari yangu iko nyuma ya giaboksi, kinachoshikwa ni propela yenyewe! Ukiifungua propela, matairi yako huru, hata ungevuta handibreki mpaka ing'oke. Na yeye amelala kati ya matairi. Nikaenda mwenyewe kuokota mawe nikabana matairi ya nyuma mbele na nyuma. Fundi mkuu yuko kibarazani anakunywa chai, anacheka eti "mzee muoga".

Pale ningeondoa gari. Sikuondoa.

Wakashusha propela. Hakuna aliyeweka alama. Mtu yeyote aliyefunzwa vizuri, kabla hajagusa bolti, anachukua rangi au tindo anapiga mstari kutoka kipande kimoja hadi kingine ili kila kitu kirudi kilikokuwa. Hawa walivuta kipande cha nyuma kikachomoka kabisa kwenye meno yake, wakakitupa huku, kingine kule. Kile chuma cha beringi kilipotoka kwenye chesisi vikaanguka visahani viwili vya chuma, vyembamba, vina matundu ya bolti. Nimeviona kwa macho yangu. Kijana mmoja akaviokota, akavitazama, akavitupia kwenye kopo la skrepa. Nikamuuliza ni vya nini. "Washa tu hizo mzee, zimechakaa."

Kutoa beringi ya zamani wakatumia nyundo na tindo. Sawa, ya zamani imekufa, ipigwe. Ila na mpya wakaipiga! Pula ya miguu mitatu ipo, imetundikwa ukutani. Presi ipo, imewekewa maboksi ya oili juu. Kijana kaiweka beringi mpya kwenye shafti, kashika kipande cha nondo, anagonga upande mmoja, anageuza, anagonga mwingine. Ko! Ko! Ko! Kila nyundo inalia moyoni mwangu, lakini mimi ni mteja, fundi ni yeye.

Beringi 95,000, nilinunua mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Ufundi 60,000. Gari ikatoka, mtetemo umepungua lakini haujaisha. Fundi mkuu ananiambia, "Itajiseti yenyewe ikitembea." Tangu lini beringi ikajiseti, hiyo ni simu?

Wiki tatu tu, mlio umerudi, raba imechanika.

Hapo ndipo mchezo wa kunirusha ulipoanza. Fundi anaitazama beringi sekunde mbili: "Spea feki hii mzee, umeuziwa mchina." Nabeba beringi hadi dukani. Mwenye duka haishiki hata mkononi: "Fundi wako ndiye ameiua, sisi tumeuza mia ya hizo hakuna aliyerudi." Nikisema nataka hela yangu, anauliza risiti iko wapi. Na hapa mnicheke, wakuu, nastahili: siku ya kununua aliniambia bila risiti ni 95, na risiti ni 110. Nikachagua 95. Sasa hata ukienda Tume ya Ushindani kulalamika bidhaa bandia unaenda na hadithi mdomoni na chuma kwenye mfuko wa rambo. Hiyo elfu kumi na tano niliyookoa naikumbuka kila siku.

Basi nikanunua nyingine, "orijino", fundi mwenyewe akanielekeza duka. 240,000, kwenye boksi lenye stika inayong'aa. Ufundi mara ya pili wakanihurumia, 40,000. Nyundo ile ile, nondo ile ile. Nikasema jamani tumieni presi, nikaambiwa presi imeharibika sili.

Ikakaa siku tisa.

Dereva kapakia viazi Njombe, kapita mizani ya Makambako vizuri, kapita Wenda vizuri, hatukuzidisha hata kilo. Alipofika Ilula akasikia kishindo chini kama mtu anapiga pipa. Mungu ampe maisha marefu yule kijana, hakujaribu "nitafika Ruaha Mbuyuni". Akaweka gari pembeni, utingo akakata majani akayapanga barabarani, akanipigia. Mimi nikapanda basi usiku ule ule. Nikifikiria ile miteremko ya Kitonga iliyokuwa inamsubiri mbele, hamu ya kula iliniisha.

Pale Ilula tukaonyeshwa mzee mmoja fundi. Hana bango, ana mwembe na boksi la spana lililofungwa kwa waya. Nikamwamkia, nikamweleza, beringi ya tatu hii mzee wangu, spea za siku hizi zimekuwa uchafu. Hakunijibu. Kaweka vigingi vya mti kwanza, tairi nne, ndipo akaingia chini na kipande cha chaki. Kakaa kimya kama robo saa. Tunasikia anageuza propela kwa mkono, inalia kwi, kwi.

"Mwanangu, njoo uone."

Nikalala pembeni yake kwenye vumbi. Akaniambia nitazame masikio, yaani zile uma mbili zinazoshika krosi (kiungo cha msalaba kinachoiwezesha propela kuzunguka ikiwa imepinda), moja mwisho huu wa propela ya nyuma, nyingine mwisho ule. "Hili limesimama hivi. Lile je?" Lile limelala upande. Hayako kwenye mstari mmoja. Akapangusa matope na grisi kwenye ile sehemu inayoteleza, akakwangua kwa kucha, na hapo nikaona mishale miwili iliyopigwa kiwandani kwenye chuma. Mmoja juu, mwingine umekimbilia ubavuni. Ilitakiwa itazamane.

Akanieleza kwa kutumia viwiko vyake. Krosi ikifanya kazi ikiwa imepinda haizungushi sawasawa, kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya mwisho wa pili ndiyo inayosawazisha, ila mpaka masikio yawe kwenye mstari mmoja. Yakipishana, badala ya kusawazisha zinaongezeana, mtetemo wote unaenda kulaliwa na raba ya katikati. "Ungeweka beringi ya dhahabu ingekufa."

Halafu akauliza swali lililonifanya nikae chini kabisa. "Hapa kwenye chesisi palikuwa na visahani. Viko wapi?"

Kopo la skrepa, wakuu. Dar es Salaam.

Vile visahani ndivyo vilivyoweka kimo cha beringi ili propela zote mbili zikae kwenye pembe yake. Bila vile, katikati pamepanda juu, na kile chuma kimefungwa kikiwa kimekaa upande, raba imevutwa kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino. Zaidi ya hapo, krosi mbili zilikuwa zimekufa, ya katikati na ya difu, vibakuli vyake vimejaa unga mwekundu wa kutu. Hizo hakuna aliyezigusa mara zote mbili! Huwezi kushusha propela mikononi mwako usizungushe krosi uisikie.

Nikamuuliza, na ile ya kwanza, ilikuwa feki au siyo? Nilikuwa nayo kwenye begi, nilishaamua nitaizungusha nchi nzima. Akaibandua sahani ya pembeni, akaosha kwa dizeli, akaigeuza juani. Kwenye njia ya gololi kulikuwa na vidonda vidogo, vya nafasi sawasawa, kimoja kwa kila gololi. "Hii imepigwa nyundo upande usiopigwa. Nguvu imepita kwenye gololi. Ilikufa kabla haijatembea." Feki au halali, hakuweza kusema, na mimi siwezi kusema. Walishaiua kwa nondo.

Kazi yake ilichukua siku nzima. Krosi mbili na beringi zililetwa kwa bodaboda na daladala kutoka Iringa mjini. Beringi mpya aliiingiza kwa kipande cha bomba kilichokaa sawasawa kwenye mzingo wa ndani, akaivuta kwa nati yenyewe ya shafti, taratibu, hakuna nyundo hata moja. Visahani alivikata kwenye springi pleti ya zamani, akavikwangua kwa msasa, akapima kwa uzi kutoka giaboksi hadi difu, akatoa, akakwangua tena. Bolti za chuma cha beringi aliacha zimelegea, akamwambia dereva asogeze gari mbele na nyuma mara kadhaa ili raba ijipate yenyewe, ndipo akakaza. Ufundi 70,000. Nikampa 80, akanirudishia kumi, nikamnunulia soda.

Gari ilishuka Kitonga usiku ule. Dereva anasema alisahau kama ina propela.

Hesabu yangu hii hapa. Mara ya kwanza 155,000. Mara ya pili 280,000. Ilula, beringi 130,000, krosi mbili 90,000, ufundi 70,000. Jumla 725,000, kwa kitu ambacho kingekwisha kwa laki tatu kasoro kidogo siku ya kwanza. Hapo sijahesabu nauli, posho ya dereva, wala viazi vilivyokaa juani chini ya turubai, mnunuzi akakataa gunia kumi na nne na yaliyobaki akayabeba kwa bei ya kunidharau.

Juzi nimeenda pale gereji na beringi zote mbili. Nimemwonyesha fundi mkuu vile vidonda, nimemchorea masikio chini kwa kijiti. Mnajua kanijibu nini? "Hao mafundi wa kijijini wana maneno mengi." Nikataka 100,000 yangu ya ufundi tu, siyo zaidi. Akaniambia gereji hairudishi hela ya kazi iliyofanyika. Kazi iliyofanyika! Nikauliza kopo la skrepa liko wapi angalau nichukue visahani vyangu. Waliuza skrepa kwa kilo wiki iliyopita.

Nataka kusikia kutoka kwa mliowahi kupambana na gereji mpaka mwisho. Baraza la kata nimeambiwa ni la kusuluhisha tu, je, mahakama ya mwanzo kwa laki moja inalipa au nitamaliza nauli? Risiti ya ufundi ninayo, ni ya mkono, ila ina mhuri wao na imeandikwa "kufunga senta beringi" mara mbili, tarehe tofauti.

Na leo asubuhi yule fundi mkuu kanipigia. Nikajua amejirudi. Alikuwa anauliza kama chuma cha nje cha ile beringi ya orijino bado kizima, eti ana mteja ana Fuso kama yangu.