Sahani ya kuchajia bila waya inachaji na kukata: tatizo ni sahani, kichwa au simu?

Mwanjelwa_Juu:
Habari zenu wakuu. Sahani imeandikwa Qi (kiwango cha kuchaji bila waya) 15W, simu ni iPhone 12 yenye kava. Ukiilaza juu yake inaanza kuchaji, baada ya sekunde chache taa inawaka nyekundu na kuzima, chaji inakata, halafu inaanza upya. Kichwa ni cha zamani, 5V 1A. Naomba pia kueleweshwa, hivi vitu viwili vinaelewanaje bila waya? Na Tecno ya mama isiyo na huduma hii, ikibandikwa mgongoni kipokezi cha chaji ya bila waya itafaa? Yeye yuko Rungwe, anategemea sola.

Fundi_Mafinga:
Mkuu, badilisha kichwa. Hiyo 15W ni uwezo wa juu wa sahani, haizalishi umeme wake yenyewe. 5V mara 1A ni wati 5 kabla hata upotevu haujatolewa. Sahani ikijaribu kuvuta zaidi, volti inaporomoka, inajizima na kuwaka upya, na mchezo unarudi pale pale. Tafuta kichwa kinachotoa 9V 2A, chenye QC au PD (mifumo ya chaji ya haraka) kulingana na maelekezo ya sahani. Soma yale maandishi madogo mgongoni mwa kichwa: kama ni 5V peke yake, hakifai. Waya mwembamba na mrefu nao unakula volti.
Usitegemee 15W hapo lakini. Kwenye sahani ya kawaida isiyo na sumaku, iPhone 12 inapokea wati 7.5 tu.

Kihesa_IR:
Fundi yuko sahihi kuhusu kichwa, ila kabla ya kutoa hela litoe kava kwanza. Taa nyekundu kwenye sahani nyingi maana yake imehisi chuma.
Sababu iko kwenye mazungumzo ya sahani na simu. Ndani ya sahani kuna koili (waya uliozungushwa duara) inayopitisha umeme unaogeuka mwelekeo zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde (Qi ya kawaida inafanya kazi takriban kati ya kilohezi 87 na 205). Koili ya simu ikiwa juu yake, umeme unazaliwa ndani yake. Lakini sahani haimwagi umeme tu. Inatuma pigo fupi la kuchungulia, simu inaamshwa na umeme huo mdogo, inajitambulisha na kutaja inahitaji wati ngapi. Kwa kujibu haitumii Bluetooth wala antena nyingine: inabadilisha mzigo kwenye koili yake, na sahani inahisi mabadiliko hayo upande wake. Mwendo ni biti 2,000 kwa sekunde, polepole sana, lakini unatosha kwa "ongeza", "punguza" na "nimepokea kiasi hiki". Anayeamuru ni simu. Ujumbe ukikatika, sahani inazima.
Hapo ndipo chuma kinapojulikana. Sahani inachukua wati ilizotuma, inaondoa zile simu inazosema imepokea, inaondoa na upotevu wake yenyewe. Kikibaki kingi, kuna kitu katikati kinachopashwa moto. Mkosaji mkubwa ni kile kibati chembamba kinachobandikwa ndani ya kava ili simu ishike kwenye sumaku ya gari. Sarafu na kadi ya benki pia visiwe hapo.
Kava lisipokuwa na chuma, sogeza simu kidogo kidogo, nusu sentimita kila mara, koili zikutane katikati. Qi2, iliyotoka 2023, iliweka duara la sumaku ili simu ijipange yenyewe.

Uyole_Sola:
Kwa mama Rungwe, usinunue. Kipokezi cha kubandika kinafanya kazi kama mgongo wa simu si wa chuma, lakini kinaziba tundu la chaji na nyingi hazivuki 5V 1A.
Piga hesabu. Betri ya 5000mAh kwa volti 3.85 ni kama Wh (wati-saa) 19. Kwa waya utatumia takriban 23. Kwa kipokezi cha kubandika, ufanisi ukiwa asilimia 60, ni 32. Kama betri yake ya sola ni ya asidi, 12V 7Ah, ina Wh 84, na salama ni kutumia nusu, 42. Kwa waya anabakiwa na 19, taa ya wati 3 inawaka saa sita. Bila waya anabakiwa na 10, saa tatu na kitu. Na huko Tukuyu, Rungwe, kwa mawingu yale, kesho yake paneli haitarudisha zote. Hizo Wh 9 zinazopotea zinaishia kuwa joto, na sehemu yake iko mgongoni mwa simu, jirani na betri.

Mwanjelwa_Juu:
Asanteni sana wakuu. Kibati kipo kweli, ndani ya kava, chini ya kitambaa. Nimelitoa kava: taa nyekundu imeacha, ila bado inakata kila baada ya dakika moja hivi.

Fundi_Mafinga:
Sasa hicho ni kichwa. 9V 2A, na waya usizidi mita moja.