Miaka 11 nimeliandikia gazeti hapa Tanga, nimetolewa kwa ujumbe wa WhatsApp, sasa naambiwa sikuwa mwajiriwa

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mnivumilie.

Siku ile nilikuwa soko la Deep Sea, saa kumi jioni, nasubiri boti ziingie. Kulikuwa na fununu kwamba baruti zimeanza kupigwa tena baharini, na wavuvi wawili walikuwa wamekubali kuongea. Simu ikatetemeka. Ujumbe kwenye grupu la waandishi wa mikoani: biashara imekuwa ngumu, kuanzia leo gazeti halipokei tena kazi kutoka mikoani, asanteni kwa ushirikiano. Nikaanza kuandika kuuliza habari ya malipo yetu ya miezi minne. Sijafika mwisho wa sentensi, nimeshatolewa kwenye grupu.

Miaka 11, wakuu. Hakuna barua, hakuna aliyenyanyua simu.

Nilipompata bosi Dar siku mbili baadaye, jibu lake lilikuwa moja: wewe si mwajiriwa wetu, wewe ni mwandishi wa kujitegemea, hakuna unachodai zaidi ya stori zako zilizotoka.

Kujitegemea gani huko? Kitambulisho changu kina nembo yao. Kila asubuhi kabla ya saa tatu nilitakiwa niwe nimetuma naandika nini siku hiyo. Mwaka mmoja nilipeleka stori ya mgogoro wa ardhi Handeni kwenye gazeti jingine kwa kuwa wao waliikalia wiki nzima, nikaonywa kwamba nikirudia nimejifukuzisha. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilipokuja na suala la diploma, waliniambia nikasome au niache. Nimesoma kwa pesa yangu, ada nyingine mke wangu ameitoa kwenye mtaji wake wa vitumbua.

Na malipo yenyewe mnayajua mliopita humu. Stori 10,000, picha 5,000, kama imetoka. Isipotoka, nauli ya kwenda na kurudi Kilindi imekula kwako. Mwisho wa mwezi unakata vipande vyako gazetini kwa mkasi, unavigundisha kwenye karatasi nyeupe, unaandika tarehe na ukurasa, unajumlisha, unapeleka kwenye basi la Dar. Wakipoteza bahasha, umepoteza mwezi. Mimi nilijifunza mapema kutoa nakala ya kila karatasi kabla ya kutuma. Zimejaa masanduku mawili uvunguni mwa kitanda, na leo ndiyo mali pekee niliyobaki nayo kutoka kazi hii.

Sasa naomba msome hapa kwa makini, hasa mlio mikoani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi au saa za kuifanya, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea huyo kiuchumi, au anamfanyia kazi yeye peke yake. Jambo moja tu linatosha, kisha ni juu ya bosi kuthibitisha kwamba sivyo. Mimi ninayo yote hayo. Na kama ni mwajiriwa, basi kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini: unapewa taarifa, unaelezwa sababu, mnakaa mezani kabla ya uamuzi. Notisi siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Hesabu yangu ni siku 70.

Wapo watakaosema karatasi imekufa kote duniani. Ni kweli, sibishi. The Independent la Uingereza liliacha kuchapwa Machi 2016 likabaki la mtandaoni. Mzee anayeuza magazeti Ngamiani aliniambia wiki hii, "Mwanangu, zamani nilikuwa naletewa nakala sitini, sasa naletewa kumi na narudisha sita. Watu wanasimama, wanasoma vichwa vya habari, wanaondoka." Hilo naliona kwa macho yangu. Lakini mtandao nao unakula habari! Hiyo tovuti yao itajazwa na nini kutoka Tanga? Tayari wiki iliyopita wameweka taarifa ya ofisi ya serikali neno kwa neno, mpaka salamu za mwanzo. Baraza la madiwani limekaa, hakuna aliyekwenda kusikiliza. Wale wavuvi wawili wa Deep Sea walinipigia kuuliza stori yao itatoka lini, na sikuwa na la kuwajibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Tanga. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa Mjerumani, gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa hapa mjini, kwenye shule ya serikali, na kurasa zake zilijazwa na walimu na makarani waliotuma habari za miji yao. Mwandishi wa mkoani ndiye aliyelibeba gazeti la Kiswahili tangu lilipoanza kutambaa. Leo ndiye wa kwanza kutupwa.

Nimeshachukua fomu namba 1 ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Madai ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30, zimebaki 11. Tulikuwa wengi kwenye lile grupu. Kama wewe ni mmoja wetu, usisubiri hisani ya mtu: tafuta vipande vyako, kitambulisho, meseji za kupangiwa kazi, miamala ya malipo kwenye simu, vyote vipigie picha leo. Mlioko Tanga, Muheza na Korogwe, Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya ofisi za CMA hapa mjini na masanduku yangu mawili. Njooni na yenu.