Naomba ushauri: ndege zinauharibu mchezo wetu wa vita vya baharini

Wakuu, habari zenu. Tuko kikundi kidogo hapa Kampala, tunacheza mchezo wa mezani wa vita vya Pasifiki kwa ramani, vipande vya manowari na dadu. Mchezo ni mtamu mpaka ndege ziruke.

Mwenye manowari za kubeba ndege anazirusha zote kwa pamoja, na kila meli inayoshambuliwa ina dadu moja tu ya kutungulia. Mwenzake anazama kabla mizinga yake mikubwa haijafyatua hata mara moja. Najua ndege zilikuwa hatari kweli: Desemba 10, 1941, Wajapani walizizamisha manowari za Waingereza, Prince of Wales na Repulse, kwa ndege peke yake. Lakini kwenye vita vya kisiwa cha Midway, Juni 4, 1942, ndege 15 za topido (kombora linalopita majini) zilizoruka kutoka Hornet, manowari ya Wamarekani ya kubeba ndege, ziliangushwa zote bila kupiga shabaha. Kwetu jambo hilo haliwezi kutokea kabisa, na ndilo linaloniuma.

Tuliongeza dadu za mizinga ya kutungulia ndege. Ndege zikakosa maana, hakuna aliyetaka kuzichukua.

Sasa nafikiria ndege za ulinzi. Zikishuka kufukuza zenye topido, zisiweze kuzuia za mabomu zinazotoka juu katika zamu hiyo hiyo, maana Midway mambo yalikwenda karibu hivyo. Kuna aliyewahi kucheza kwa kanuni ya namna hii? Na ndege zikirudi, mnazipa zamu ngapi za kujaza mafuta na silaha kabla ya kuruka tena?