Orodha ya waombaji wa ruzuku: kipi kibandikwe ubaoni na kipi kibaki kabatini?

Katibu wa mfuko, Busia

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa mfuko mdogo wa ruzuku hapa Busia, upande wa Uganda, unaosaidia vikundi vya akina mama na vijana wanaofuga kuku, wanaolima mboga au wanaofanya biashara ndogondogo mpakani. Fomu tunayoitumia tuliirithi kutoka kwa kamati iliyotutangulia, nayo inamtaka mwombaji aandike jina kamili, nambari ya kitambulisho cha taifa, simu, dini, hali ya ndoa, kipato cha mwezi, na hata kama nyumbani kwake kuna mtu mwenye maradhi ya kudumu. Kisha kikundi huambatanisha nakala za vitambulisho vya wanachama wote pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Baada ya awamu iliyopita, baadhi ya waombaji walianza kupigiwa simu na wakopeshaji wa riba ambao walijua hata kiasi cha fedha walichokuwa wameomba kwetu. Hatujui taarifa hizo zilitokea wapi, kwa kuwa fomu zimepita mikononi mwa watu wengi. Sasa kamati imegawanyika: wengine wanataka orodha nzima ibandikwe kwenye ubao wa gombolola (ofisi ya kaunti ndogo) kama ilivyo, ili asiwepo wa kusema fedha zimeliwa, na wengine wanataka kila kitu kifungiwe. Mfadhili wetu aliye Ulaya naye ameomba tumtumie majalada ya waombaji wote, pamoja na waliokataliwa. Naomba kujua sheria yetu inasemaje, na wenzetu wenye mifuko ya namna hii mnafanyaje.

Wakili, Kampala

Ndugu Katibu, ahsante kwa kuuliza kabla ya kubandika. Msingi wa yote ni ibara ya 27 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu, na juu yake ikajengwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 pamoja na kanuni zake za 2021. Sheria hiyo inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, awe wizara, benki au kamati ya watu saba wanaokutana chini ya mwembe. Udogo wa mfuko haumwondolei mtu wajibu. Wakusanyaji wote wanatakiwa kujiandikisha katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na uandikishaji huo huhuishwa kila mwaka. Ikiwa hamjaandikishwa, anzeni hapo.

Kuhusu fomu yenyewe, sheria inataka mkusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi mliyoitaja, na mwombaji aelezwe mapema taarifa zake ni za nini na nani atazipata. Naomba muisome fomu yenu swali baada ya swali mkijiuliza: jibu la swali hili litabadilisha uamuzi wetu wa kutoa au kutotoa fedha? Dini haibadilishi kitu kwa kikundi cha kufuga kuku, na hali ya ndoa vivyo hivyo. Tena dini, afya na mambo ya fedha ya mtu yamo katika kundi la taarifa ambazo sheria yetu inazipa ulinzi wa pekee, na wengi hushangaa kusikia kuwa kipato nacho kimo humo. Swali la maradhi lifuteni leo.

Jambo lingine ambalo wengi hulipita ni zile nakala za vitambulisho vya wanachama. Kwa kawaida mwenyekiti wa kikundi huzikusanya na kuzileta zote kwa mkupuo, na wanachama wenyewe hawajui zimekwenda wapi wala zitakaa huko kwa muda gani, ilhali sheria inataka taarifa zichukuliwe kwa mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Sahihi ya mwenyekiti haiwi ridhaa ya watu thelathini. Hata ridhaa ya mwombaji mmoja mmoja ina kasoro yake, kwa sababu mwenye shida atatia sahihi chochote mtakachomwekea mbele. Ndiyo maana ni salama zaidi kuomba machache kuliko kuomba mengi na kujikinga kwa mstari wa "nimekubali" mwishoni mwa fomu.

Mhasibu, Arua

Nakubaliana na Wakili kuhusu fomu, lakini naomba tusisahau kwa nini watu wanataka orodha ibandikwe. Tangu fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo wa parishi (eneo la vijiji kadhaa), zianze 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, wananchi wamejifunza kuuliza zimekwenda kwa nani, na wana haki ya kuuliza. Mfuko unaoficha kila kitu kwa kisingizio cha faragha unajitafutia ugomvi, na wakati mwingine unakuwa unaficha mashemeji wa mwenyekiti.

Sisi tunabandika jina la kikundi, kijiji, kazi ya ruzuku na kiasi kilichotolewa, basi. Hatubandiki majina ya wanachama, wala simu, wala nambari ya kitambulisho. Waliokosa hatuwabandiki kabisa. Hupewa jibu lao kwa barua inayoeleza sababu. Mwananchi mwenye shaka hana haja ya nambari ya kitambulisho cha mtu ili akatazame kama banda la kuku lipo au halipo. Na nambari yenyewe inasema mengi: katika zile herufi na tarakimu 14, mwanzo tu unaonyesha kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, na mwaka aliozaliwa. Kwa kuwa laini za simu nazo husajiliwa kwa kitambulisho hicho, ukibandika jina, simu na nambari pamoja umemrahisishia tapeli kazi yake.

Kuhakiki wanachama hewa tunahakiki kwa macho. Siku ya kukitembelea kikundi, kila mwanachama huja na kitambulisho chake mkononi. Mimi hukitazama, hutazama uso, kisha huandika "kimeonekana" na herufi nne za mwisho za nambari, naye hutia sahihi. Hatuchukui nakala, isipokuwa za watatu wanaotia sahihi kwenye akaunti, kwa kuwa benki inazidai.

Nadhani pia mlitazame duka la fotokopi. Hapa kwetu waombaji walikuwa wakiskani vitambulisho kwenye kioski kilicho karibu na ofisi, na siku moja nilipokwenda kuchapa barua nikaona kwenye skrini ya kompyuta ya pale mafaili ya vitambulisho yamejipanga, kila moja limepewa jina la mwenyewe, na kijana wa kioski akayafungua mbele yangu akitafuta barua yangu. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia ayafute. Wakopeshaji wenu huenda hawakuhitaji kuingia ofisini kwenu hata kidogo.

Mama wa kikundi cha akiba, Tororo

Mimi naandika kama mwombaji, kwa sababu humu wanaozungumza ni wenye kalamu. Swali la maradhi niliwahi kulijibu katika fomu ya mfuko mmoja, nikidhani ukweli ungeturahisishia kupata. Fomu ilisomwa kwa sauti kwenye kikao ambamo jirani zangu wawili walikuwa wajumbe. Fedha tulipata, ila sikurudi tena kuomba, na wenzangu wawili walijitoa katika kikundi kabla ya zamu yao ya kujaza kufika.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, pamoja na kufuta swali hilo, tazameni ni nani wanaosoma fomu. Mjumbe anayetoka kijiji kimoja na mwombaji atoke nje fomu hiyo inapojadiliwa, na majina yazibwe mpaka alama ziwe zimetolewa.

Katibu wa mfuko, Busia

Nawashukuru sana. Mama, hilo la kuziba majina nitalipeleka kwenye kikao kijacho, na la kioski nitalifuatilia mwenyewe. Yamebaki mawili. Mfadhili anasema mkataba unampa haki ya kukagua, na kabatini tuna fomu za miaka ya nyuma, nyingi zikiwa za vikundi vilivyokosa. Tuzichome tu?

Wakili, Kampala

Kukagua ni haki yake, ila kukagua hakumlazimu awe na nakala ya kila kitu. Mpeni jedwali lenye nambari ya jalada, aina ya kikundi, kiasi na matokeo, bila majina. Akitaka kuhakikisha, achague majalada machache, mtu wake aje ayaone ofisini. Taarifa za watu zikivuka mpaka, sheria inataka kule ziendako kuwe na ulinzi usiopungua wa kwetu, au mhusika awe ameridhia. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria kali, kwa hiyo sharti hilo halitawasumbua sana. Swali gumu ni kwa nini waliokataliwa wapelekwe huko hata kidogo. Mwambieni aandike sababu. Mara nyingi anayetakiwa kuandika sababu huliacha ombi lenyewe.

Fomu za zamani msizichome kwa haraka. Za waliopata ruzuku zinahitajika kwa ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo zikae kwa muda uliotajwa katika mkataba, kabatini mwa kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana. Za waliokosa, wapeni muda wa kukata rufaa, kisha kamati iandike katika kumbukumbu za kikao kwamba zinaharibiwa, zichanwe au zichomwe mbele ya wajumbe wawili. Msiziuze kama karatasi chakavu. Nimekwisha kununua karanga zilizofungwa katika fomu ya mkopo wa mtu.

Na lile la wakopeshaji, mkiona kuna dalili ya kweli kwamba taarifa zilitoka kwenu, mnapaswa kuiarifu Ofisi ya Ulinzi wa Data mara moja, nayo ndiyo itakayoelekeza kama waombaji waambiwe. Kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka kumi.

Mhasibu, Arua

Naongeza moja dogo: kundi la WhatsApp la kamati. Kama fomu zilipigwa picha na kutumwa humo, zimo katika simu za wajumbe wote, pamoja na wale waliokwisha kuondoka kwenye kamati. Hayo nayo yafutwe siku hiyohiyo mnayofungua kabati.