Skana mbili, orodha mbili: udhaifu wa vifurushi huria ufuatiliwe kupitia chanzo kipi?

Mlinzi_wa_Seva aliuliza:

Habari zenu wakuu. Ninasimamia seva kadhaa za Linux pamoja na programu tunazozitengeneza wenyewe kwa Python na Java, na karibu kila tunachokitumia kimejengwa juu ya vifurushi vya chanzo huria. Nimekabidhiwa kazi ya kufuatilia udhaifu wa kiusalama katika vifurushi hivyo, lakini skana mbili (programu za kukagua udhaifu) nilizozipitisha kwenye seva ileile zinatoa orodha zisizofanana. Ya kwanza inadai kwamba vifurushi vingi vya mfumo vina udhaifu mkubwa, ilhali masasisho yote yamekwishawekwa. Ya pili inavipitisha vifurushi hivyo bila neno, kisha inalalamikia maktaba za Java ambazo ile ya kwanza haikuziona kabisa. Uongozi unataka orodha moja yenye namba za CVE (utambulisho wa pamoja wa kila udhaifu uliotangazwa), na unataka kila udhaifu wenye alama ya ukali 9 kati ya 10 au zaidi urekebishwe kwanza. Je, kipo chanzo kimoja cha taarifa ninachoweza kukitegemea?

Kitasa alijibu:

Ndugu Mlinzi, nianze na vifurushi vya mfumo, kwa kuwa huko ndiko maonyo ya uongo yanakozaliwa kwa wingi. Wasambazaji wa Linux kama Debian na Red Hat mara nyingi hawapandishi toleo zima la programu kila udhaifu unapogunduliwa. Huchukua marekebisho ya usalama peke yake na kuyapachika katika toleo la zamani walilokuwa nalo, ili tabia ya programu isibadilike ghafla mikononi mwa watumiaji. Chukua udhaifu wa sudo, programu ya kutekeleza amri kwa mamlaka ya msimamizi, uliotangazwa Januari 2021, yaani CVE-2021-3156. Waandishi wa sudo waliuziba katika toleo 1.9.5p2, lakini Debian 10 ikauziba katika kifurushi 1.8.27-1+deb10u3. Skana inayosoma "1.8.27" na kuishia hapo itakuambia kwamba uko hatarini, ingawa jibu limo katika mkia ule unaofuata baada ya kistari.

Kwa hiyo, kuhusu vifurushi vya mfumo, mwenye neno la mwisho ni msambazaji mwenyewe. Debian ina kurasa zake za kufuatilia udhaifu, zinazoonyesha kila CVE imefikia wapi katika kila toleo la mfumo, na Red Hat nayo huchapisha taarifa zake. Kagua mipangilio ya skana yako ya kwanza uone kama inazisoma taarifa hizo. Kama haizisomi, usipoteze muda kubishana nayo. Ila programu yoyote iliyojengwa kutoka kwenye msimbo na kuwekwa chini ya /usr/local haimo katika hesabu za msambazaji, na hakuna atakayekuarifu juu yake. Itafute mwenyewe.

Bi_Msimbo alijibu:

Ninakubaliana na Ndugu Kitasa. Naongeza kuhusu vyanzo, maana swali lako linachukulia kwamba CVE ni hifadhidata kamili, na sivyo. Mpango wa CVE, ulioanzishwa na shirika la MITRE la Marekani mwaka 1999, kazi yake kubwa ni kutoa namba na maelezo mafupi ili watu wote wawe wanazungumzia jambo moja. Alama za ukali na majina ya bidhaa zinazoathirika kwa miaka mingi yamekuwa yakiongezwa na NVD, hifadhidata ya taasisi ya NIST ya Marekani, na tangu Februari 2024 kazi hiyo ya uchambuzi imekuwa ikilimbikiza viporo. Skana inayoitegemea NVD peke yake inaweza kukaa kimya kuhusu udhaifu ambao tayari una namba, kwa sababu tu hakuna aliyekwishaandika ni kifurushi gani kinachohusika.

Hata pale uchambuzi unapofanyika, majina huleta shida. NVD huitambua bidhaa kwa jina la mtengenezaji na jina la bidhaa, wakati wewe unavijua vifurushi vyako kwa majina ya PyPI (hazina ya vifurushi vya Python) au Maven (ya Java), na kuoanisha majina hayo ni kazi ya kubahatisha. OSV, iliyozinduliwa na Google mwaka 2021, iliundwa kwa ajili ya tatizo hilo: inataja mfumo wa vifurushi, jina la kifurushi kama lilivyo, na matoleo yanayoathirika kuanzia lipi hadi lipi. Inakusanya taarifa za GitHub, PyPI, Go, Rust, Debian na wengineo. Kwa maktaba za Python na Java ningeanzia hapo.

Mfano wa madhara ya jina lisilo sahihi ni CVE-2023-4863. Ilipotangazwa Septemba 2023 iliandikwa kuwa udhaifu wa kivinjari cha Chrome, ilhali kosa lenyewe lilikuwa ndani ya libwebp, maktaba ya picha inayotumiwa na programu nyingi zisizohusiana na Chrome hata kidogo. Aliyetafuta kwa jina la bidhaa alijiona salama.

Kuhusu Java, ninashuku kwamba skana yako ya kwanza inaangalia vifurushi vilivyowekwa na meneja wa vifurushi tu, haifungui mafaili ya jar, ambamo programu za Java hufungashwa. Wakati wa Log4Shell, udhaifu wa maktaba ya Java iitwayo Log4j, Desemba 2021, wengi walihangaika kwa sababu log4j-core ilikuwa imefichwa ndani ya jar iliyo ndani ya jar nyingine, na hakuna aliyekumbuka kwamba ipo. Ndiyo maana ninashauri orodha ya vijenzi, yaani ya kila kilichomo ndani ya programu, kwa muundo wa SPDX au CycloneDX, itengenezwe wakati programu inapojengwa, si baada ya kufika kwenye seva.

Nahodha_wa_Mfumo alijibu:

Ninalopinga ni agizo la uongozi la kuanza na alama 9. Alama hiyo, iitwayo CVSS, hupima ukali wa udhaifu katika mazingira ya kufikirika. Haijui kama unaitumia sehemu yenye kosa, wala kama kuna mvamizi anayeshughulika nayo. Isitoshe, alama zenyewe hukosewa. CVE-2020-19909 ilihusu kosa dogo la hesabu katika chaguo la curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, la kusubiri kabla ya kujaribu tena, kosa lililokuwa limerekebishwa tangu mwaka 2019. Lilipotangazwa mwaka 2023 NVD ililipa 9.8, na baada ya waandishi wa curl kulalamika likashushwa hadi 3.3. Aliyefuata kanuni ya 9 kwanza aliliweka mbele ya mambo ya maana.

Mimi huanza na orodha ya CISA, taasisi ya usalama wa mtandao ya Marekani, ya udhaifu unaojulikana kuwa unatumiwa na wavamizi, iliyoanzishwa Novemba 2021. Kilichomo humo hakijadiliwi, kinarekebishwa. Baada yake natazama EPSS, makadirio ya uwezekano kwamba udhaifu utatumiwa katika siku 30 zijazo, kisha ndipo CVSS. Na Bi_Msimbo aniwie radhi, orodha ya vijenzi ni nzuri, lakini nimeona nyingi zikitengenezwa kwa kila toleo na kuhifadhiwa mahali ambapo hakuna anayezilinganisha na taarifa mpya. Orodha ya mwezi uliopita ilinganishwe na udhaifu uliotangazwa leo, kila siku, kwa mashine.

Mlinzi_wa_Seva aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimehakikisha kwamba skana ya kwanza haisomi kabisa taarifa za msambazaji. Nina swali jingine: nikijiridhisha kwamba udhaifu fulani hautugusi kwa sababu msimbo wetu hauiiti sehemu yenye kosa, skana inaurudisha kila inapopita. Nikiunyamazisha, nachelea kuusahau siku msimbo utakapobadilika.

Bi_Msimbo alijibu:

Usiunyamazishe ndani ya skana. Andika taarifa ya VEX. Ni faili linalosema kwamba kifurushi hiki, katika toleo hili la programu yetu, hakiathiriwi na CVE fulani, pamoja na sababu, na baadhi ya skana huria hulisoma. Kwa kuwa limefungwa kwenye toleo, toleo jipya linalazimisha swali liulizwe upya. Kwa lugha ya Go kuna govulncheck, inayofuatilia kama msimbo wako unafika kwenye sehemu yenye kosa. Kwa Python na Java hukumu hiyo mara nyingi utaitoa mwenyewe, basi iandikie sababu ambayo mwenzako ataweza kuikagua.

Pia waambie viongozi wako kwamba orodha isijengwe juu ya namba za CVE peke yake. Vifurushi vilivyopandikizwa kwa nia mbaya katika npm (hazina ya vifurushi vya JavaScript) na PyPI mara nyingi havipewi CVE. Katika OSV utavikuta kwa namba zinazoanza na MAL. Safu ya utambulisho ikikubali CVE tu, hivyo havitaonekana.

Kitasa alijibu:

Nakazia hilo la mwisho. Kifurushi cha namna hiyo kikikutwa kwenye seva, kukiondoa hakutoshi. Huenda kilikwishafanya kazi yake siku kiliposakinishwa, kwa hiyo badilisha pia funguo na nywila zote ambazo seva hiyo ilikuwa nazo.